Jaji wa mahkama ya juu ateuliwe vipi? Njia nne kwa jicho la Mzanzibari

Rasimu ya Katiba itakaporudi mezani, watu watabishana serikali mbili au tatu mpaka wachoke, na kifungu cha majaji kitapita huku wanapiga miayo. Mara iliyopita ilikuwa hivyo hivyo. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba iliweka Mahakama ya Juu juu ya Mahakama ya Rufani, na Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa na Bunge Maalum Oktoba 2014 ikaibakisha. Kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 haikufanyika, na mahkama ile ikabaki karatasini. Katika mabishano yote niliyoyasikia mimi, Unguja na Pemba, sikumbuki mtu aliyesimama kuuliza majaji wake watatoka mkononi mwa nani.

Juzi, barazani Chake Chake, baada ya isha, kijana mmoja anayesoma sheria akaniuliza: "Ami, ungekuwa wewe ungechagua ipi, hii yetu, ya Kenya au ya Marekani?" Nilimjibu maneno mawili matatu, nikarudi nyumbani roho haijatulia. Jibu refu ni hili hapa. Nimemuongezea Ujerumani, na sababu ataiona.

Kipimo changu ni kimoja. Siku watu wanapokubaliana, kila njia ya uteuzi hupendeza. Ipime siku ya kukataa: mwenye kalamu asipolitaka jina, inakuwaje? Anaweza kulizuia? Analazimika kusema sababu? Anasema mbele ya nani? Na kwa sisi wa visiwani kuna swali la pili, ambalo Mkenya hana haja ya kujiuliza: jina linapojadiliwa, Zanzibar ipo mezani kama mshirika, au inapelekewa khabari tu?

Yetu ya sasa

Kwanza tujue mahkama yetu ya juu ni ipi, maana wengi wanachanganya. Kwa Katiba ya Zanzibar ya 1984, Rais wa Zanzibar humteua Jaji Mkuu wa Zanzibar kwa kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahkama, na majaji wa Mahkama Kuu huwateua kwa mapendekezo ya Tume hiyo. Tafsiri ya Katiba ya Zanzibar, na mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi, huishia kwetu. Mengine mengi, kesi ya mauaji, mgogoro wa shamba la mikarafuu, madai ya biashara, yakikatiwa rufaa hupanda mpaka Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Hiyo iliundwa 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977 na mahkama yake ya rufaa kufa nayo. Hufanya vikao huku kwetu, lakini majaji wake huteuliwa na Rais wa Muungano.

Ibara ya 118 ya Katiba ya Muungano ni fupi mno kwa jambo zito kama hili. Majaji wa Rufani huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Jaji Mkuu mwenyewe huteuliwa na Rais. Nafasi haitangazwi gazetini, usaili wa wazi haupo, Bunge haliulizwi. Jina tunalijua siku taarifa ya Ikulu inapotoka, na siku ya pili yake tunaona picha za kiapo.

Njia hii ina uzuri wake na siwezi kuuficha. Ni ya haraka. Haimvunjii mtu heshima hadharani. Na imetupatia watu wa maana: Augustino Ramadhani, mzaliwa wa Unguja, alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, baadaye akawa Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010, kisha akaongoza Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha. Omar Othman Makungu naye alitoka kwenye kiti cha Jaji Mkuu wa Zanzibar akaenda Rufani. Kwa hiyo anayesema kwamba uteuzi wa Rais hauleti isipokuwa vibaraka, anasema asichokijua.

Lakini turudi kwenye kesi moja ambayo kila Mzanzibari aliyekuwa na akili zake miaka ile anaikumbuka: ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, watu wa CUF, chama cha upinzani, walioshitakiwa kwa uhaini na kukaa rumande miaka. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ilisema uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar si dola. Hebu tulia uone jinsi uamuzi ule ulivyokuwa na makali pande zote mbili. Wale watu 18 walitoka, na familia zao zikapumua. Papo hapo, mahkama ilikuwa imetuambia sisi ni nani. Miaka 10 baadaye, katika Mabadiliko ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar, wawakilishi wetu waliandika kwamba Zanzibar ni nchi, miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Maandishi mawili sasa yanatazamana. Ipo siku yatagongana mbele ya majaji.

Mimi sibishani na sheria ya uamuzi wa 2000. Wapo mawakili wakubwa wanaouona sahihi kabisa. Kinachoniuma ni kwamba swali la hadhi ya mshirika mmoja wa Muungano liliamuliwa na jopo ambalo mshirika huyo, kama mshirika, hakuwa na neno katika kulipata. Katiba ya Muungano haikutenga hata kiti kimoja cha Rufani kwa Zanzibar. Wazanzibari wakikaa pale, hukaa kwa hisani ya aliyewateua. Leo anayeteua, Rais Samia, ni mtu wa Kizimkazi, Unguja, na nimewasikia watu wakifarijika kwa hilo. Faraja hiyo ni ya muda wake. Akiondoka yeye, kalamu inabaki pale pale.

Sasa kipimo changu. Siku ya kukataa kwetu huioni, kwa sababu Rais asipolitaka jina, jina halizaliwi. Hakuna orodha iliyokataliwa, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa. Liko na jambo la umri. Jaji wa Rufani hustaafu akiwa na miaka 65, lakini Rais anaweza kumuongezea. Jaji Mkuu Ibrahim Hamis Juma aliongezewa 2023, akakaa mpaka Juni 2025 alipoteuliwa George Masaju, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Sisemi mmoja wao hakufaa. Nasema jaji anayekaribia 65 akijua muda wake unaweza kurefushwa na Rais yule yule ambaye serikali yake ina kesi mbele ya jaji huyo, amewekwa pabaya, hata awe mwadilifu kiasi gani.

Marekani

Hii ndiyo vijana wanayoijua zaidi, kwa sababu wanaiona kwenye simu. Majaji ni 9. Rais huteua, Baraza la Seneti huthibitisha kwa kura, na jaji hukaa mpaka afe au ajiuzulu mwenyewe. Clarence Thomas yuko pale tangu 1991.

Kwa mtu wa kisiwa kidogo kuna jambo la kupendeza: kila jimbo lina maseneta wawili, liwe kubwa kama California au dogo kama Wyoming. Mdogo ana sauti sawa na mkubwa pale jaji anapopimwa. Na maswali huulizwa mchana kweupe; mwaka 1987 Robert Bork alikataliwa kwa kura 58 dhidi ya 42, na dunia nzima ilisikia kwa nini.

Basi angalia siku ya kukataa ilivyokuja kuharibika. Februari 2016 Jaji Antonin Scalia alifariki. Rais Obama akamteua Merrick Garland mwezi wa Machi. Viongozi wa Seneti, wa chama kingine, hawakumkataa kwa kura. Hawakumuita hata kumsikiliza. Hoja yao ilikuwa kwamba uchaguzi umekaribia, wacha wananchi waamue kwanza. Kiti kilikaa wazi zaidi ya mwaka, na Aprili 2017 akakalia Neil Gorsuch, baada ya Seneti kuifuta kanuni iliyotaka kura 60 kumaliza mjadala. Septemba 2020 akafariki Ruth Bader Ginsburg, na chama kile kile kikamthibitisha Amy Coney Barrett tarehe 26 Oktoba, siku 8 kabla ya uchaguzi, kwa kura 52 dhidi ya 48. Ile hoja ya kungoja wananchi haikuonekana tena. Mwamba ngozi huvutia kwake, na pale hakuna aliyeandika kamba ivutwe mwisho wapi: Katiba yao haikuweka muda wa Seneti kupiga kura, wala haikutaka zaidi ya wingi wa kawaida.

Matunda yake yalionekana Juni 2022, mahkama ilipoifuta haki ya kutoa mimba iliyokuwa imesimama tangu 1973. Mtu anaweza kuufurahia au kuuchukia uamuzi ule, lakini watu kule wanamhesabu jaji kwa chama cha rais aliyemteua kabla hawajasoma alichoandika. Hilo nisingelitamani kwetu, ambako tayari tunahesabiana kwa rangi za chama mpaka kwenye misiba.

Na ukiileta njia hii Dodoma, ule uzuri wake wa mdogo kulingana na mkubwa haupandi boti. Sisi tuna Bunge moja. Zanzibar ina majimbo yake 50 na wabunge 5 wanaotumwa na Baraza la Wawakilishi, ndani ya ukumbi wa mamia. Bunge kuthibitisha majaji kwa wingi wa kawaida, pale ambapo chama cha Rais ndicho kimejaa ukumbini, ni muhuri tu. Wapo watakaokuuzia hilo kama mageuzi makubwa. Usinunue.

Kenya, na Afrika Kusini kwa pembeni

Kenya walichoka kabla yetu. Katiba yao ya 2010 iliwapa Mahkama ya Juu ya majaji 7, na uteuzi ukapewa Tume ya Huduma za Mahkama yenye watu 11. Ukiwatazama wanavyopatikana utaona ufundi: Jaji Mkuu ni mwenyekiti, kila ngazi ya mahkama huchagua mwakilishi wake, mawakili huchagua wawili, Mwanasheria Mkuu yumo, na Rais hupeleka raia wawili tu ambao Bunge nalo lazima liwaridhie. Nafasi hutangazwa. Watu huomba. Majina huwekwa hadharani, na mwananchi yeyote anaweza kupeleka pingamizi. Usaili huoneshwa kwenye televisheni. 2011 Willy Mutunga aliulizwa mpaka khabari ya kipini cha sikioni mwake, akajibu, akawa Jaji Mkuu. Jina la Jaji Mkuu na naibu wake hupita Bungeni kabla ya Rais kuwateua. Jaji Mkuu hazidishi miaka 10, na wote hustaafu wakiwa na 70.

Nimekaa nikiangalia usaili wa Kenya, saa kadhaa, na nikiri nilipata wivu. Jaji anaulizwa mbele ya mama yake na jirani zake aliamuaje kesi fulani na kwa nini. Wengine wanasema ni kuwadhalilisha wazee. Mimi naona mtu atakayekuwa na neno la mwisho juu ya shamba langu na uhai wa mwanangu anaweza kuvumilia saa mbili za maswali.

Mahkama hiyo ndiyo iliyofuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, majaji 4 dhidi ya 2. Rais aliwaita wakora hadharani, lakini hakuweza kuwaondoa. Sisi 2015 uchaguzi wa Zanzibar ulifutwa kwa tangazo la Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi tarehe 28 Oktoba na kurudiwa 20 Machi 2016, na mzozo wake haukumalizwa na jaji yeyote. Katiba zetu zote mbili zinaizuia mahkama kuyachungulia matokeo ya urais yakishatangazwa. Kwa hiyo kijana wangu aelewe: kupata majaji wazuri ni nusu ya kazi, na nusu nyengine ni kuwafungulia mlango wa kesi zenyewe.

Siku ya kukataa ya Kenya ilikuja 2019. Tume ilipeleka majina 41 ya majaji wa mahkama za chini ya ile ya Juu. Rais Kenyatta akakaa nayo, akisema ana taarifa za baadhi yao kukosa uadilifu. Mahkama Kuu ikasema hana khiari, lazima awateue. Hakuwateua. Juni 2021 akateua 34 na kuwaacha 6; mmoja alikuwa ameshafariki. Hao wakangoja mpaka Septemba 2022, Rais Ruto alipoapishwa. Ni miaka mitatu ya mtu kuning'inia. Lakini linganisha na kwetu: Wakenya walijua majina yote 6, walijua nani kayazuia, na waliweza kwenda mahkamani kulalamika. Walikosa kitu kimoja tu, nacho ni kifungu kinachosema Rais akinyamaza siku kadhaa, jina limepita.

Afrika Kusini wana tume kama hiyo, yenye watu 23 na wanasiasa wengi ndani yake, na hapo ndipo inapovuja. Usaili wa Aprili 2021 wa Mahkama ya Katiba ulirudiwa Oktoba baada ya jumuiya moja ya kiraia kwenda mahkamani. Mwanzoni mwa 2022 Tume ilimpendekeza Mandisa Maya awe Jaji Mkuu. Rais Ramaphosa akamteua Raymond Zondo, na sheria ilimruhusu. Walichonacho cha kuiga ni ukomo: jaji wa Mahkama ya Katiba hukaa miaka 12, hateuliwi mara ya pili, hana wa kumbembeleza.

Ujerumani

Nimeileta kwa ajili ya swali la pili, la mshirika. Mahkama yao ya Katiba, katika mji wa Karlsruhe, ina majaji 16. Nusu huchaguliwa na Bunge la nchi nzima, nusu na baraza la majimbo, na kila jaji anahitaji theluthi mbili. Anakaa miaka 12, basi. Theluthi mbili maana yake hakuna chama kinachoweza kumpitisha mtu wake peke yake. Lazima umpate ambaye hata mpinzani wako anaweza kumstahamilia. Na majimbo yanachagua kama majimbo, kwa haki yao.

Ubaya wake ni kwamba makubaliano hufanyika faraghani baina ya vyama, mwananchi hasikii kitu, na ikishindikana hushindikana kwa kishindo: Julai 2025 kura ya majaji ilibidi iondolewe siku ile ile iliyopangwa kupigwa, kwa kuwa baadhi ya wabunge wa muungano unaotawala walimgomea mgombea mmoja.

Utaniambia Ujerumani ni mbali. Haya, njoo karibu. Katiba yetu ya Muungano, ibara ya 125 mpaka 128, ina Mahakama Maalum ya Katiba ya kuamua mabishano baina ya serikali mbili. Nusu ya wajumbe huteuliwa na Serikali ya Muungano, nusu na Serikali ya Mapinduzi, na uamuzi unataka theluthi mbili ya kila upande. Fikra ya ushirika tunayo tayari, imeandikwa, na ina miaka. Ila mahkama hiyo haijawahi kukaa hata siku moja. Inasubiri serikali mbili zikubali kwamba zina mgogoro, na wajumbe wake wote ni wateule wa serikali hizo hizo. Ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Bunge Maalum la 2014 nalo lilitumia theluthi mbili ya kila upande, lakini Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, walikuwa wameshatoka ukumbini tangu Aprili. Theluthi mbili hulinda pale tu wanaopingana wanapokuwa ndani.

Ningechagua ipi

Ningechagua ya Kenya, na ningeirekebisha mahali patatu.

Tangazo, usaili wa wazi na tume iliyochaguliwa kwa sehemu kubwa na majaji na mawakili wenyewe, hayo nayachukua kama yalivyo. Kisha naongeza siku: Rais akae na jina siku 14, akilikataa aandike sababu na zichapishwe, akinyamaza jaji aapishwe. Naweka kipindi kimoja cha miaka 12 na kufuta kabisa kuongezewa muda. La tatu ndilo letu: nusu ya wajumbe wa tume ya Mahakama ya Juu watoke Zanzibar, na katika kesi yoyote inayogusa hadhi ya Zanzibar ndani ya Muungano, nusu ya jopo litoke huku. Nitaambiwa nusu ni nyingi kwa watu wachache. Muungano wa 1964 uliunganisha nchi mbili, haukuhesabu vichwa, na Mahakama Maalum tayari imekubali nusu kwa nusu.

Kama wewe unaogopa zaidi mahkama kukaa bila majaji kuliko unavyoogopa mkono wa Rais, njia ya sasa itakufaa, ilimradi udai majina Jaji Mkuu anayomshauri Rais yawe hadharani. Kama unaamini vyama vyetu vinaweza kukaa na kuelewana, kama walivyofanya Wazanzibari 2010 kwenye Serikali ya Umoja wa Kitaifa, basi ya Ujerumani ni bora kuliko yangu. Ya Marekani simshauri mtu.

Nilipomsomea kijana maelezo haya, aliniuliza swali lililonirudisha kalamuni: "Na hao wa Zanzibar, ami, wakiteuliwa wote na chama kimoja?" Ana haki. Ndiyo maana nusu yetu isitoke serikalini. Watatu wachaguliwe na majaji na mahakimu wa Unguja na Pemba kwa kura ya siri, wawili na mawakili wa Zanzibar, na mmoja tu apelekwe na Baraza la Wawakilishi kwa theluthi mbili. Akaniambia atakwenda kuuliza skuli kama mahakimu wa Pemba wamewahi kupigia kura kitu chochote kinachowahusu. Namngoja na jibu.